MALKIA HUYU NI WA AINA GANI?
Tumjue chungu kabla ya kumtia chupani

Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya vikundi vya kujisaidia vya akina mama na vijana, mvua za masika zilipoanza. Tunayachapa karibu yote kama yalivyosemwa. Maswali ya kujadiliana yako mwishoni.



Leo nilikuwa nije kuzungumza nanyi juu ya mboji. Mboji itangoja. Alhamisi jioni mama mmoja wa kikundi chetu alinijia nyumbani, ameficha chupa ya jamu chini ya leso. Akaniambia, "Mwalimu, niangalizie wadudu hawa. Kijana wangu amewaokota baada ya mvua. Kuna broka amemwambia atamlipa shilingi mia mbili kwa kila malkia. Sasa mimi nataka kujua, hawa ni malkia kweli? Na hii ni kazi, ama ni matatizo?"

Hayo ni maswali mawili. Ameniruhusu niwaeleze ninyi nyote tulivyoyajibu, mradi nisitaje jina la kijana. Basi tusikilizane.

Kwanza tulitafuta vifaa. Msifikiri ni vya gharama. Tulichukua sahani nyeupe, rula ya mtoto wa shule, tochi, na kioo cha kukuza kama kile wazee hutumia kusomea. Kama huna kioo, kamera ya simu inatosha, ukisogeza karibu na kupiga picha halafu uipanue. Chupa ilikuwa na wadudu saba. Tukawatia kwenye bilauri mmoja mmoja, tukaweka juu ya sahani.

Hatua ya kwanza: Ni chungu ama ni mchwa?

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Mvua ya kwanza ikinyesha, wadudu wa mbawa hutoka ardhini wa kila namna, na sisi tunawaita wote kumbikumbi. Lakini mchwa si chungu. Hata si jamaa yake. Mchwa yuko karibu zaidi na mende, naye chungu yuko karibu na nyuki na nyigu.

Angalieni mambo matatu.

(1) Kiuno. Chungu ana kiuno chembamba sana, kama kimefungwa kwa uzi. Mchwa hana kiuno. Mwili wake ni mnene moja kwa moja.

(2) Vipapasio, yaani zile pembe mbili za kichwani. Za chungu zimekunjika kama kiwiko cha mkono. Za mchwa zimenyooka, tena zinafanana na shanga zilizotungwa.

(3) Mbawa, kama bado zipo. Mchwa ana mbawa nne zenye urefu sawa. Chungu ana mbawa za mbele ndefu na za nyuma fupi.

Kwa kuangalia hivyo tu, wadudu watatu kati ya saba wakatoka. Walikuwa kumbikumbi wa mchwa, wale wale ambao ndugu zetu wa magharibi hukaanga. Waluo huwaita ng'wen, na Waluhya husema tsiswa. Kijana alikuwa amehesabu shilingi mia sita hapo. Uso wake ukabadilika kidogo.

Hatua ya pili: Ni malkia, ni dume, ama ni mfanyakazi mkubwa?

Mkubwa si lazima awe malkia. Chungu wengi wana wafanyakazi wa saizi mbalimbali, na wale wakubwa wana vichwa vikubwa vya kutisha. Lakini mfanyakazi hakuzaliwa na mbawa. Kwa hiyo kifua chake ni chembamba. Malkia alizaliwa na mbawa, na mbawa zinahitaji misuli. Ndiyo sababu kifua chake kimeinuka, kimejaa, kama mgongo wa ng'ombe mwenye nundu. Hata akishakata mbawa zake, ukimulika tochi kwa ubavu utaona makovu pale zilipokuwa. Kifua kilichojaa na makovu ya mbawa, huyo ni malkia.

Dume naye ana mbawa, lakini kwa chungu walio wengi kichwa chake ni kidogo, macho ni makubwa, na mwili umekonda. Kazi yake ni moja tu, kupanda jike, na baada ya hapo hufa. Hawezi kuanzisha kiota.

Hapa niwaambie kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado nafundisha, mdudu mkubwa wa rangi ya kahawia aligonga taa yetu usiku. Alikuwa na mbawa na tumbo refu kama soseji. Asubuhi nikamwonyesha darasa zima nikisema, "Watoto, huyu ni malkia wa siafu." Nilikuwa nimekosea kabisa. Alikuwa dume wa siafu. Malkia wa siafu hana mbawa maisha yake yote wala haruki. Hukaa katikati ya jeshi lake, kipofu, na hufikia karibu sentimita tano. Ni katika chungu wakubwa kuliko wote duniani. Huwezi kumwokota njiani hivi hivi. Siafu wenyewe hawatakubali.

Basi mdudu wa nne katika chupa yetu alikuwa huyo huyo, dume wa siafu aliyevutwa na taa. Nikacheka peke yangu.

Hatua ya tatu: Hesabu vinundu vya kiuno

Wamebaki watatu, wote malkia, wote wamekata mbawa. Sasa tunauliza, ni wa ukoo gani?

Mulika kiuno kwa ubavu. Kati ya kifua na tumbo utaona kinundu kimoja, ama viwili vilivyofuatana. Alama hii ndogo hugawanya chungu katika mafungu makubwa, nayo haidanganyi kama rangi inavyodanganya.

Malkia mmoja alikuwa na kinundu kimoja. Alikuwa mweusi, urefu karibu sentimita moja na nusu, na mgongo wake ukitazamwa kwa ubavu ulikuwa umepinda vizuri kama upinde. Huyo ni wa ukoo ambao wataalamu huuita Camponotus. Wafanyakazi wake ni wale chungu wakubwa tunaowaona usiku wakipanda ukutani na kwenye miti. Hawana mwiba wa kuchoma. Wakiudhika huuma, halafu hunyunyiza asidi juu ya kidonda. Je, ni spishi gani ya Camponotus? Hapo nilisimama. Duniani kuna spishi zaidi ya elfu moja za ukoo huo. Mtu akikuambia kwa kutazama mara moja kwamba ni spishi fulani, mwulize amejuaje.

Mnaniuliza, ukoo na spishi zina tofauti gani? Chukueni mfano wa nyumbani. Ukisema huyu ni mtu wa ukoo fulani, umesema jambo la kweli, lakini ukoo una nyumba nyingi. Spishi ni nyumba yenyewe. Kwa sahani na rula unaweza kufika kwenye ukoo. Kufika mlangoni mwa nyumba mara nyingi kunahitaji mtaalamu mwenye darubini, anayehesabu meno ya taya, pingili za vipapasio na nywele za mgongo, na kulinganisha na chungu waliohifadhiwa. Watu wa namna hiyo wapo katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi.

Wawili waliobaki walikuwa na vinundu viwili. Ni wakubwa, zaidi ya sentimita mbili, kichwa kipana, taya nene, rangi nyekundu ya kutu iliyochanganyika na weusi. Hao ndio broka aliokuwa anawatafuta.

Hatua ya nne: Uliza alikotoka

Kuna malkia wawili wakubwa wenye vinundu viwili ambao mtu anaweza kuwachanganya.

Wa kwanza ni Carebara. Malkia wake ni mnene, mweusi au kahawia iliyokolea. Waluo humwita onyoso, nao humla. Hutoka kwenye vichuguu vya mchwa, kwa sababu chungu hao huishi humo humo pembeni ya mchwa. Jambo la ajabu ni kwamba wafanyakazi wake ni wadogo sana, milimita mbili hivi.  

Wa pili ni Messor, chungu mvunaji. Ninyi mnamjua. Ndiye anayelima njia safi katikati ya nyasi, akibeba mbegu kwa mstari, na mlangoni mwa kiota chake kuna lundo la maganda kama mtu aliyepepeta mtama. Mkubwa kuliko wote anaitwa Messor cephalotes, naye anaishi huku kwetu Afrika Mashariki, pamoja na mbuga zetu hizi za Gilgil na Naivasha. Malkia wake hufikia sentimita mbili hadi mbili na nusu.

Tukamwuliza kijana, "Uliwaokota wapi?" Akasema, "Kwenye nyasi kule juu, karibu na zile njia za chungu. Asubuhi baada ya mvua ya usiku." Hakukuwa na kichuguu karibu.  Kwa ukubwa, vinundu, rangi, taya na mahali, nikasema karibu bila shaka hawa ni Messor, na yaelekea ni cephalotes. Mnaona nimesema yaelekea.

Ndiyo maana mahali, tarehe, saa na hali ya hewa ni sehemu ya kumtambua mdudu. Malkia asiyejulikana alikotoka amepoteza nusu ya jina lake.

Sasa swali la pili la mama

Malkia akitoka kwenye kiota mara moja, huruka, hupandwa na dume, hushuka, hukata mbawa zake mwenyewe, hutafuta udongo wenye unyevu na kuchimba. Hapandwi tena. Mbegu ya siku hiyo huiweka tumboni na kuitumia maisha yake yote. Malkia wa chungu wengi hujifungia humo bila kula chochote. Misuli ile ya mbawa huyeyuka na kuwa chakula chake na cha watoto wa kwanza. Wengi sana hufa hapo. Yule anayefaulu anaweza kuishi miaka mingi. Kule Ulaya malkia mmoja wa chungu weusi wa bustani alitunzwa akaishi karibu miaka 29.

Kwa hiyo ukimwokota malkia mmoja hujaokota mdudu mmoja. Umeokota kijiji kizima ambacho hakijazaliwa. Na kijiji hicho kina kazi. Chungu wavunaji huchimba udongo maji yapate kupenya, huchukua mbegu za nyasi, na nyingine huzipoteza njiani zikaota. Ng'ombe wetu hula nyasi hizo.

Kwa nini watu wanawataka? Ni kwa sababu kule Ulaya na Asia kuna watu wanaofuga chungu ndani ya nyumba, katika masanduku ya kioo, kama vile wengine wanavyofuga samaki. Malkia mmoja wa Messor cephalotes ameuzwa huko pauni mia moja na zaidi. Kwa pesa za mwaka 2025 hiyo ni kama shilingi 17,000. Broka alimwahidi kijana wetu mia mbili. Fanyeni hesabu hiyo mkifika nyumbani.

Lakini jambo zito si bei. Mnakumbuka Aprili 2025, huku huku kwetu Kaunti ya Nakuru. Vijana wawili kutoka Ubelgiji walikamatwa katika nyumba ya wageni wakiwa na malkia wapatao 5,000, wametiwa ndani ya mirija pamoja na pamba, ili waishi safarini. Watu wengine wawili, mmoja wa Vietnam na mmoja Mkenya, walikamatwa katika kesi nyingine wakiwa na chungu mia kadhaa. Tarehe 7 Mei 2025 mahakama ya Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta iliwahukumu wote wanne, kila mmoja faini ya shilingi milioni moja au jela miezi 12. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haiangalii tembo na kifaru peke yao. Chungu pia ni mnyama wa porini mbele ya sheria hiyo, na kumshika hai kwa biashara bila kibali ni kosa.

Kijana akasema, "Lakini mwalimu, mimi nimeokota tu, sikuiba kwa mtu." Ni kweli. Hata mimi ningesema hivyo. Lakini mlolongo wa biashara hii uko hivi: anayeokota yuko mbele, mahali pa kuonekana, na anayefaidi yuko mbali. Askari wakija, broka huwa amezima simu.

Tena liko jambo la tatu. Chungu akipelekwa asikotoka, anaweza kuharibu nchi ya watu. Hatuhitaji kwenda Ulaya kuona. Pale Laikipia waliingia chungu wageni wenye vichwa vikubwa, Pheidole megacephala. Waliwaua chungu wa asili wanaoishi katika miti ile ya miiba yenye vinundu vinavyopiga mbinja upepo ukivuma. Chungu hao wa asili ndio waliokuwa wakiwauma tembo na kuilinda miti. Walipokwisha, tembo wakavunja miti mara tano hadi saba kuliko kwanza. Mbuga ikawa wazi, simba wakakosa pa kujificha wanapowinda punda milia, wakageukia nyati. Utafiti huo wa Ol Pejeta ulichapishwa Januari 2024: mwaka 2003 punda milia walikuwa asilimia 67 ya mawindo ya simba, na mwaka 2020 walikuwa asilimia 42. Chungu mdogo kama chembe ya mchele amembadilishia simba chakula! Je, mvunaji wetu mla mbegu akitoroka katika mashamba ya ngano ya watu wengine, nani atamrudisha?

Tulivyofanya

Mama alinyamaza kwa muda. Halafu akaniuliza, "Na karo je, mwalimu?"

Sitawadanganya kwamba nilikuwa na jibu zuri. Shilingi mia nne, kwa malkia wawili wale, si kitu kwa broka, lakini ni kitu nyumbani kwake. Kijana alikuwa ameahidiwa kwamba akileta mia moja atalipwa elfu ishirini papo hapo. Mtu mwenye njaa huwezi kumshibisha kwa habari za simba. Nilimwambia tu kwamba elfu ishirini haiwezi kulipa milioni moja, na kwamba jambo la karo lije hapa kwenye kikundi. Mweka hazina analo, na leo baada ya chai tutaliamua, tuone kama zamu yake ya mchango inaweza kuletwa mbele.

Jua lilipokuwa linatua tuliwarudisha. Kijana mwenyewe alituongoza hadi pale pale alipowaokota, kwa maana malkia hupaswi kumwachilia mahali pengine. Udongo ulikuwa bado na unyevu. Tukainamisha chupa. Mmoja wa wale wakubwa alitembea kidogo, akasimama, akaanza kuchimba. Tulingoja mpaka akazama kichwa. Kijana akasema, "Kumbe ana haraka." Tukarudi nyumbani.

Basi nifupishe. Ukimwona malkia baada ya mvua:

1. Mtazame pale pale alipo. Usimtie chupani wala mfukoni.
2. Angalia kiuno na vipapasio: ni chungu ama mchwa?
3. Angalia kifua na makovu ya mbawa: ni malkia ama la?
4. Hesabu vinundu vya kiuno, kwa ubavu.
5. Weka rula kando yake na upige picha tatu: kwa juu, kwa ubavu, na uso.
6. Andika mahali, tarehe, saa na hali ya mvua.
7. Ukitaka jina kamili, peleka picha kwa wataalamu wa makumbusho. Akitokea mtu wa kununua, uliza ofisi ya Huduma ya Wanyamapori iliyo karibu nawe kabla hujapokea hata senti moja.

Wazee walisema mwenda pole hajikwai.  Mboji ni mwezi ujao, na safari hii msiniletee chupa.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika lugha zenu za nyumbani mna majina mangapi ya chungu na mchwa? Je, majina hayo yanatofautisha malkia, dume na mfanyakazi?
2. Je, kuna mtu aliyekuja kijijini kwenu kununua wadudu, mimea au wanyama wadogo? Alionyesha kibali chochote?
3. Kijana wa kikundi chenu akiahidiwa pesa za haraka, nani atamkalisha chini azungumze naye? Na kikundi kinaweza kumpa nini badala yake?